Vipindi vinne kwa siku, mbona anarudi saa kumi na moja?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara, nina duka la vitenge Kahama. Mume wangu ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika sekondari ya kata. Ratiba yake ameibandika nyuma ya mlango wa kabati: vipindi 22 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Nimepiga hesabu, hata saa 15 hazifiki. Lakini anatoka nyumbani saa 12 asubuhi, anarudi saa 11 jioni, wiki nyingine saa moja usiku, na bado anakuja na mfuko wa salfeti umejaa madaftari. Nikimuuliza ananiambia, "Kazi ya ualimu hutaielewa." Naomba mtaalamu anieleweshe, hizo saa nyingine anafanya nini hasa? Na kwa nini asisahihishie hukohuko shuleni?

JIBU: Dada, hesabu yako haina kasoro. 22 mara 40 ni dakika 880, yaani saa 14 na dakika 40. Kasoro iko kwenye karatasi uliyoipigia hesabu. Ratiba huandaliwa na mwalimu wa taaluma kwa shabaha moja tu: darasa lisikae bila mwalimu, na walimu wawili wasikutane kwenye mlango mmoja. Kazi isiyogonganisha watu haiandikwi humo. Ni sawa na mtu akuhesabie kazi yako kwa dakika unazompimia mteja kitenge, halafu asahau safari ya Kariakoo, kufunga mzigo, kupanga rafu na kufuatilia wenye madeni. Mumeo naye kakosea kukujibu kwamba hutaielewa. Inaeleweka vizuri tu, ila lazima mtu aipitie siku yenyewe. Mimi nimefundisha, nikashika taaluma, baadaye nikawa makamu mkuu wa shule, kwa hiyo nimeiona siku hiyo nikiwa darasani na nikiwa nyuma ya meza ya kuwakagua wenzangu.

Tuanze asubuhi. Mtumishi wa umma anatakiwa kazini saa 1:30. Shuleni kuna daftari la mahudhurio ya walimu, na kwa kawaida linakaa mezani kwa mkuu wa shule au makamu wake. Ukifika unaandika jina, saa na sahihi. Saa 1:30 ikigonga, mkuu anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho. Ukisaini chini ya mstari huo umechelewa, hakuna mjadala wa bodaboda wala mvua. Jina lako likizoea kukaa chini ya mstari, unaandikiwa barua ya kujieleza. Watu wa nje huuona huu mstari kama mchezo, lakini makosa ya mwalimu yana njia yake mpaka Tume ya Utumishi wa Walimu, na mtumishi akikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa anaweza kufukuzwa. Ndiyo maana anayekaa mbali na shule anaondoka nyumbani saa 12 hata siku ambayo kipindi chake cha kwanza kiko baada ya chai.

Kuanzia hapo mpaka saa 2:00 ni usafi na mstarini. Wanafunzi wanafagia, wanachota maji, wanaosha vyoo, na kila mwalimu wa darasa anazungukia eneo lake. Kengele inapigwa, na shule nyingi kengele ni ringi ya gari iliyotundikwa mtini. Wanajipanga kwa madarasa, wanaimba wimbo wa taifa, sare na nywele zinakaguliwa, matangazo yanatolewa, waliochelewa wanawekwa pembeni. Mumeo yupo pale amesimama na wenzake. Kwa ratiba ya nyuma ya kabati, hajaanza kazi.

Vipindi vinaanza saa 2:00. Katika mpango unaotumika shule nyingi kuna vipindi vinne hadi saa 4:40, mapumziko, kisha vingine vitano kuanzia saa 5:20 hadi saa 8:40. Badala ya kukueleza vyote, nikuingize kwenye kimoja.

Chukua Kidato cha Tatu B, wanafunzi 55, somo la Historia, mada ni namna wakoloni walivyotawala. Kengele imelia, lakini mwalimu wa Hisabati bado anamalizia mfano wake ubaoni. Dakika tatu zimekwenda. Monita afute ubao, vitabu 12 vilivyopo vigawiwe, watu wanne au watano kwa kitabu. Nne nyingine zimekwenda. Anaanza kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia sekondari isipokuwa kwa masomo machache, ilhali watoto hawa wengi wao wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Darasa kimya. Akifika kwa maakida na majumbe, watawala wadogo ambao Wajerumani waliwatumia kuitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, ghafla kunachangamka, kwa sababu sasa maneno ni ya kwao. Mmoja anauliza kwa Kiswahili, je, akida alitoka kabila lilelile alilolitawala? Ni swali zuri kuliko yote ya wiki hiyo. Hapo mwalimu ana sekunde chache za kuamua: ajibu kwa Kiswahili waelewe, au kwa Kiingereza kwa sababu Baraza la Mitihani litauliza kwa Kiingereza? Wengi wetu tunafanya yote mawili. Unaeleza kwa Kiswahili, unarudia kwa Kiingereza, halafu unaandika ubaoni sentensi moja safi ambayo mtoto ataweza kuitumia kwenye karatasi ya mtihani akifika Kidato cha Nne. Kwa hiyo mada iliyopangiwa kipindi kimoja inakula viwili, na kile cha pili kitabidi kitafutwe baada ya saa 8:40.

Akitoka hapo anaingia Kidato cha Pili kufundisha ushairi, vina na mizani, kwa Kiswahili sanifu. Kisha anarudi kwenye Kiingereza kwa mkondo mwingine. Mwalimu wa masomo kama ya mumeo anageuza lugha mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana, na kwa maoni yangu hilo linachosha kichwa kuliko kusimama kunavyochosha miguu. Ukimsemesha saa 11 jioni akakujibu kwa neno mojamoja, hajakununia.

Kipindi hicho kina karatasi zake, na hizo ziliandikwa kabla ya kengele. Mwanzo wa mwaka mwalimu anaandika azimio la kazi, yaani mada zote za mwaka zikigawanywa kwa miezi, wiki na vipindi, pamoja na zana na vitabu vya rejea. Kutoka kwenye azimio, kila somo linapata andalio: idadi ya wasichana na wavulana, umahiri unaolengwa, utangulizi, hatua za mwalimu, kazi za wanafunzi, namna ya kupima kama wameelewa. Halafu kuna nukuu za somo, yale atakayoyatoa ubaoni. Akimaliza kufundisha anajaza shajara la somo kuonyesha alichofundisha na tarehe. Mkuu wa idara na mwalimu wa taaluma wanapitia na kusaini. Wathibiti ubora wa shule wakitua, wale ambao watu wengi bado wanawaita wakaguzi, wanaomba kwanza hizo nyaraka ndipo waende kukaa dawati la nyuma kusikiliza. Nilipokuwa taaluma niliyapitia maandalio mengi, na nakwambia bila kificho kwamba sehemu kubwa huandikwa Jumapili jioni. Ile saa ambayo wewe unafunga hesabu za duka, mwenzako anaijaza Jumatatu na Jumanne yake.

Na siku hizi karatasi zimeongezeka. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa hatua Januari 2024, kwa hiyo kuna kipindi ambacho shule moja inabeba mitaala miwili, wa zamani ukimalizikia madarasa ya juu na mpya ukipanda kutoka chini. Anayefundisha vidato tofauti anaandika kwa mitindo miwili. Limekuja pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na unadhani mkuu wa shule atampa nani kama si mwalimu wa Historia aliyepo? Juu ya hayo kuna PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji. Mtumishi anaingiza kazi na malengo yake kwenye mfumo, msimamizi wake anathibitisha. Wazo si baya, ila mtandao wa vijijini hauna habari na wazo.

Sasa tuje kwenye salfeti, ambalo naona ndilo limekuudhi hasa. Tupige hesabu pamoja. Wiki ina vipindi 45. Mumeo anafundisha 22, zinabaki nafasi 23, ambazo ni dakika 920, yaani saa 15 na dakika 20. Ndizo saa ambazo wewe unaona angesahihishia hukohuko. Tuseme vipindi vyake 22 vimegawanyika kwenye mikondo mitano yenye wanafunzi 55 kila mmoja. Hao ni 275. Daftari la zoezi fupi, ukilifungua, ukatafuta ukurasa, ukasoma, ukatia vema na mkato, ukaandika alama na kusaini, halipungui dakika mbili. 275 mara mbili ni 550, saa 9 na dakika 10. Hilo ni zoezi moja tu kwa kila mwanafunzi kwa wiki. Kinachobaki kwenye zile nafasi ni dakika 370, za kuandaa vipindi 22. Gawanya mwenyewe: hazifiki dakika 17 kwa kipindi.

Hapo sijagusa insha. Insha ya Kiswahili haisahihishwi kwa kuangalia jibu. Lazima uisome mpaka mwisho, uone kichwa, utangulizi, mpangilio wa hoja, tahajia, alama za uandishi, na kwenye barua rasmi uhakikishe anwani ziko mahali pake na mtoto hakusahau "Yah". Wengi huandika "hivyo basi" kila aya. Dakika sita kwa insha moja ni kasi ya mtu mzoefu. Mikondo miwili ni insha 110, dakika 660, saa 11 kamili. Hizo saa 11 haziko popote kwenye juma la shule. Ziko sebuleni kwako.

Na zile nafasi 23 zenyewe hazimbakii zote. Kwanza mahali pa kukaa. Ofisi ya walimu ya shule nyingi za kata ni chumba kimoja, meza moja watu watatu au wanne, madaftari yamerundikwa juu ya kabati na chini ya viti, redio ya mtu inaongea, mwanafunzi amesimama mlangoni anaomba chaki. Pili, mwenzake akienda semina, akiumwa au akiwa likizo ya uzazi, vipindi vyake havifi, vinagawiwa waliopo. Tatu, vikao: cha idara, cha taaluma, cha nidhamu, na mafunzo ya MEWAKA ambapo walimu wanakaa pamoja kufundishana. Nne, na hili ndilo kubwa, mumeo karibu kwa hakika ni mwalimu wa darasa.

Hicho ni cheo kisichokuwa na posho lakini kina watoto 55. Kila asubuhi anaita majina na kujaza daftari la mahudhurio. Siku ya tatu mtoto asipoonekana anatakiwa ajue kwa nini. Anapiga simu kwa mzazi, kwa salio lake mwenyewe mara nyingi. Namba haipatikani, anatuma ujumbe kwa jirani wa mzazi, mwisho anapanda bodaboda kwenda mpaka nyumbani. Huko Kanda ya Ziwa, msimu wa kupanda au mahali penye machimbo, utoro wa wavulana unaweza kumla mwalimu wa darasa wiki nzima. Kwa wasichana habari inakuwa nyingine. Akiacha kuja anayekaa chumba cha kupanga karibu na shule, mwalimu hawezi kukaa kimya, na akigundulika ana mimba kuna taarifa za kuandika kwa mkuu wa shule na vyombo vinavyohusika. Tangu Novemba 2021 msichana huyo anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na anayemfuatilia ili kweli arudi, asiishie kwenye waraka, ni mwalimu wa darasa huyohuyo. Ongeza ripoti za muhula za wanafunzi 55, kila moja ikiwa na alama za masomo yote, wastani, nafasi na maoni ya mwalimu. Ada ilifutwa sekondari za serikali, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, kuanzia Januari 2016, watoto wakaongezeka, ila mwalimu wa darasa kwa kila mkondo alibaki mmoja.

Umesema wiki nyingine anarudi saa moja usiku. Hiyo kwa maelezo yako ni zamu. Walimu hupangwa kwa wiki, kawaida wawiliwawili, na anayeshika zamu ndiye mwenye shule kwa wiki hiyo. Anatakiwa awepo kabla ya wanafunzi, kwa hiyo saa 12:30 ameshafika. Yeye ndiye anayesimamia usafi, anayeendesha mstarini, anayehakikisha kengele inapigwa kwa wakati, anayepita darasa kwa darasa kuona nani hayupo, anayekaa karibu na jiko wakati wa kugawa ugali na maharage ili kidato cha kwanza nao wapate. Mtoto akianguka kwa degedege au akiugua tumbo, mwenye zamu anatafuta usafiri wa kumpeleka zahanati. Mzazi akija juu analalamika kwamba mwanawe kapigwa, anaanzia kwa mwenye zamu. Wanafunzi wakipigana njiani kuelekea nyumbani, ni yeye. Na usiku kabla hajalala anaandika ripoti ya siku kwenye kitabu cha zamu: mahudhurio, vipindi vilivyofundishwa na visivyofundishwa, wageni, matukio. Kile kitabu kinasomwa na mkuu wa shule, na wenzake ambao hawakuingia darasani hawapendi kuona majina yao humo, kwa hiyo hata kuandika ukweli ni kazi.

Wiki ya zamu ndiyo pia wiki ya viboko, na hapa niseme jambo ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Kanuni za 2002 zinasema adhabu hiyo inatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwenye zamu anayesimama getini na fimbo saa 1:40 akichapa kila anayechelewa hana ruhusa hiyo mfukoni, hata kama shule nzima imezoea. Likitokea la kutokea, kanuni itasomwa kama ilivyoandikwa, na aliyeshika fimbo atakuwa peke yake. Mwambie mumeo hivyo kutoka kwangu. Awaambie waliochelewa wamwagilie miti.

Kama shule yao ina hosteli, mwenye zamu anabaki mpaka wanafunzi waingie prepo, yaani kujisomea usiku, na saa moja ni mapema. Kama ni ya kutwa, kinachomchelewesha baada ya saa 9:30 ni vipindi vya ziada vya Kidato cha Pili na cha Nne, kwa sababu hao wana mitihani ya kitaifa mwisho wa mwaka. Na kile kipindi cha pili cha maakida na majumbe, cha Kidato cha Tatu, nacho hutafutiwa nafasi muda huohuo.

Kuanzia Agosti hali inabana. Kuna mitihani ya utimilifu, mnaiita moki, kutunga, kusahihisha, kupanga matokeo. Kuna kupeleka alama endelevu Baraza la Mitihani, kazi ya kuingiza namba ambayo kosa moja linamgharimu mtoto, na mwalimu wa somo ndiye anayesaini. Oktoba na Novemba anaweza kuteuliwa kusimamia mitihani, na hapo anapelekwa shule nyingine, si kwao. Desemba, wale wanaoitwa kusahihisha mitihani ya kitaifa wanaondoka kabisa kwenda vituo vya mikoani kwa majuma. Hiyo ina posho, na walimu wanaigombania, kwa hiyo akiitwa usimhurumie sana. Juni na Desemba shule zimefungwa, lakini mara nyingi Kidato cha Nne wanabaki kambi ya masomo kwa sehemu ya likizo ya Juni.

Upande wa pili nao nisiufiche. Si kila dakika ya zile nafasi 23 inaliwa na kazi. Chai ya saa 4:40 yenye chapati na mihogo inaweza kunyooka mpaka saa 5:30, na mwenye kipindi cha tano anachukuliwa na gumzo la kupanda madaraja na malimbikizo. Kuna kikoba cha walimu, kuna magrupu ya WhatsApp, kuna mti wa kivuli nyuma ya ofisi ambao kila shule inao. Mwalimu anayejipanga, akitumia hata nusu ya nafasi zake kwa kalamu nyekundu, salfeti linapungua uzito. Nimewaona wanaofanya hivyo, na si wengi. Mambo mawili yanasaidia kuliko yote. La kwanza, mazoezi mafupi ya Historia yasahihishwe darasani palepale, wanafunzi wakibadilishana madaftari huku mwalimu anataja majibu na kupita madawati, kisha yeye achukue madaftari kumi tu ya kila mkondo kuhakiki. Wathibiti ubora hawana ugomvi na hilo kama sahihi yake inaonekana. La pili, insha zipishane: wiki hii mkondo A, wiki ijayo B. Anayekusanya insha za mikondo yote siku moja amejitakia, na mara nyingi watoto wanazipata zimesahihishwa wakati wameshasahau waliandika nini.

Kuna na twisheni. Kama jioni anafundisha watoto wa mtaani kwa malipo, huko ni kutafuta riziki, lakini siyo sehemu ya ajira yake, na wewe mwenye duka unajua kuuliza fedha inaingia wapi. Usiichanganye na vipindi vya ziada vya shule, ambavyo hupangwa na mwalimu wa taaluma na vina ratiba yake ukutani.

Ombi langu kwako ni moja, na halihitaji ugomvi. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu kuna karatasi ya zamu ya muhula mzima, majina na tarehe. Mwombe aipige picha akutumie kwa simu, pamoja na ratiba ya vipindi vya ziada, uzibandike kando ya ile ya nyuma ya kabati. Ukiwa nazo tatu utajua wiki gani umwekee chakula kwenye hotpoti na uwaachie watoto kazi ya kumfungulia mlango, na wiki gani saa 11 ni saa ya kawaida kabisa. Karatasi hizo zitakuonyesha pia saa zisizoelezeka: Jumamosi saa tatu usiku, shule ya kutwa, wiki isiyo ya zamu, hakuna andalio linaloandikwa ofisini muda huo. Hapo muulize tu, na "hutaielewa" usiipokee.